Nyumba ya Lavinia Ilifaulu

Bi Novak, aliyekuwa akiwafundisha watu ukaguzi wa nyumba, aliwaambia wanafunzi wake jambo moja tangu siku ya kwanza: ndugu hakaguliwi, ndugu hutembelewa. Halikuwa katazo. Kanuni zilimruhusu mwanafunzi kukagua nyumba yoyote ambayo mwenyewe ameridhia, na Odessa Pruitt, kwa ubishi wake aliourithi kwa baba, akaona kwamba katika mji mzima wa Erie, kando ya ziwa, hakuna nyumba inayohitaji kukaguliwa kuliko ya mdogo wake Lavinia. Pengine hapo ndipo alipokosea. Pengine hapo alikuwa sawa kabisa na kosa likaja baadaye. Mwenyewe hadi leo hajui, na sisi tuliomjua hatujaweza kumsaidia kujua.

Cheti kile alikitaka kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa kifua cha Lavinia. Walikulia pamoja karibu na reli, katika nyumba ya mbao iliyokuwa ikitoa jasho kutani kila msimu wa baridi, na Lavinia alikuwa na pumu. Tangu utotoni Odessa ndiye aliyekuwa akimwinua usiku, kumkalisha wima na kumpapasa mgongo mpaka pumzi irudi. Walipokuwa watu wazima, Odessa akafanya kazi ya kuwasaidia wauguzi hospitalini mpaka mgongo ukagoma, na humo hospitalini akawaona watoto walewale wakirudi na pumu ileile, wanatibiwa na kurudishwa kwenye nyumba ileile iliyowaumiza. Akasikia kwamba kuna watu wanaosomea kazi ya kuingia katika nyumba ya mtu na kusema ni kitu gani humo kinamuua polepole: madini ya risasi katika rangi ya zamani, ukungu, ngazi zilizooza, gesi. Wanakagua nyumba kadhaa mwalimu akiwasahihisha, wanapewa mtihani, kisha wanapata cheti. Odessa akasema, basi nimeipata kazi yangu.

Nyumba ya Lavinia ilikuwa ya mwisho katika zile alizotakiwa kukagua. Alifika Jumamosi moja ya Novemba, theluji ya ziwani ikianza kudondoka, mkoba wa vifaa begani.

"Hodi! Mkaguzi nimefika."

"Mkaguzi wa nini? Vua viatu kwanza, usinichafulie zulia," Lavinia alisema kutoka jikoni.

"Mkaguzi havui viatu, Vinnie. Ni kanuni ya usalama."

"Basi mkaguzi akae huko nje na kanuni yake. Dada yangu ndiye namkaribisha."

Clifton, mume wa Lavinia, akacheka mpaka akakohoa. Odessa akavua viatu.

Walishuka wote chumba cha chini ya nyumba, kule kunakokaa tangi la maji ya moto na kila takataka ambayo familia haina moyo wa kuitupa. Lavinia alikuwa ametundika kamba ukuta hadi ukuta, na nguo za watu watatu zilizolowa zikining'inia: ovaroli za Clifton za kiwandani, mashuka, soksi za binti yao Kendra. Nyuma ya kamba, ukuta ulikuwa na madoa meusi ya ukungu. Mwaka uliotangulia watu wa mpango wa kuzuia baridi walikuwa wamepita wakaziba nyufa zote za nyumba ile bure, na Lavinia aliwaombea dua kila Jumapili, maana nyumba ilikuwa na joto kwa mara ya kwanza. Ila unyevu nao ulikosa pa kutokea.

"Vinnie, nguo zote hizi zikikauka, maji yake yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda? Si yamekauka!"

"Hayajakufa hayo. Yanakwenda ukutani, ukutani yanazaa huu uchafu, na uchafu unakupanda wewe kifuani. Unakohoa huku umejifugia kikohozi mwenyewe."

"Haya, daktari."

"Mkaguzi."

"Haya, mkaguzi. Mwone, hata mtihani hajafanya!"

Kisha akafanya kipimo cha tangi, na alikifanya kama alivyofundishwa. Tangi lile lilichemsha maji kwa gesi, na moshi wake ulipanda kwa bomba hadi kwenye dohani ya kuutolea juu ya paa. Chini ya bomba hilo pana uwazi mdogo, umefunikwa na kikofia cha bati. Nyumba iliyozibwa sana ina tabia yake: ukiwasha vipulizi vya kutoa hewa nje, nyumba nayo inatafuta hewa nyingine ya kuingiza, na isipopata kwenye nyufa inaivuta kwenye dohani. Hapo moshi unageuka, unarudi ndani kupitia uwazi ule, pamoja na ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo mkaguzi hufunga milango na madirisha yote, huwasha kila kitu kinachotoa hewa, kisha huweka kijiti cha moshi kwenye kikofia na kutazama. Odessa akawasha kipulizi cha jikoni na cha bafuni, akawasha tangi, akaweka kijiti. Moshi ukapanda juu, mwembamba na mtiifu.

"Nyumba imefaulu," alisema, na Lavinia akapiga makofi kama vile mtoto wake kapita darasa.

Jambo moja tu lilibaki. Kengele ya kutambua gesi haikuwa ukutani, ilikuwa kwenye droo ya jikoni katikati ya betri na mishumaa.

"Ilikuwa inalia pii, pii, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake," Clifton alisema. "Nikaing'oa."

"Inalia kwa sababu imezeeka, shemeji. Nunua nyingine."

"Jumamosi ijayo, shem. Haki ya Mungu."

Jumamosi ijayo ya Clifton tunaijua sote. Hakuwa mtu mbaya wala mzembe. Alikuwa mtu anayetoka kiwandani amechoka, basi.

Siku chache kabla ya Krismasi, mama mmoja wa kanisani kwao alihamia Florida kwa wanawe na kuacha mashine yake ya kukaushia nguo, nzima kabisa. Odessa aliiomba kabla mwingine hajaiona. Siku ya Krismasi yenyewe wakaibeba yeye na Clifton, wakaishusha ngazi huku wakitukanana, Clifton akatoboa ukuta na kutoa bomba lake nje ili unyevu wa nguo uende zake uani. Ndivyo hasa kitabu kilivyoshauri. Lavinia akaweka taulo za kwanza, na zilipokauka akatoa moja ikiwa ingali moto, akajifunika nayo uso, akasimama hivyo akiivuta harufu yake.

"Vinnie? Umelala humo?"

"Niache kwanza, dada. Sijawahi kupewa zawadi inayonukia hivi."

Alipoitoa taulo usoni, macho yalikuwa mekundu. Odessa alitamani kulia naye akaona aibu, akajifanya kutazama bomba.

Na alipolitazama bomba akakumbuka. Mashine ile nayo inatoa hewa nje, tena kwa nguvu kuliko vipulizi viwili vya mwanzo. Kanuni inasema wazi kwamba kikiongezwa chochote kinachotoa hewa, tangi lipimwe upya. Mkoba wake ulikuwa garini.

"Ngoja nikachukue kijiti changu," alisema.

"Wee Odessa! Leo ni ukaguzi au ni Krismasi? Chakula kinapoa."

"Dakika moja tu."

"Viatu umevua, theluji hiyo imefika magotini. Nyumba si ulisema imefaulu? Njoo ule."

Odessa akasimama kwenye ngazi. Harufu ya nyama iliyookwa na viazi vitamu ilikuwa ikishuka kutoka juu, Kendra akiwaita. Nyumba ya mtu baki angetoka hata peku. Kwa nyumba ya mtu baki, mkaguzi ni mkaguzi tu, hakuna anayemwambia chakula kinapoa. Akasema atapima siku nyingine, akapanda kula.

Januari ikaja na kunde zake za mwaka mpya, zile zinazoliwa kuleta bahati, na kikohozi cha Lavinia kikaisha. Kiliisha kweli, hatusemi kwa kumfurahisha mtu. Alipanda ngazi za kanisa bila kusimama katikati, akaimba kwaya ubeti wote kwa pumzi moja, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Dada yangu huyo, muulizeni yeye." Odessa akatembea wiki mbili kifua mbele. Ukimwona ungedhani amegundua dawa ya kifo.

Jumatatu ya wiki ya mtihani Lavinia akampigia simu.

"Dada, hivi mafua ya kanisani yameshakushika?"

"Bado. Umeyapata?"

"Sijui kama ni mafua. Sina kamasi. Kichwa tu, kinaniuma na kuwa kizito kama nimebeba cha mtu mwingine. Na kichefuchefu. Ajabu yake, nikienda kanisani kinaniacha. Nikirudi nyumbani kinanirudia."

"Basi ni Clifton huyo anayekuumiza kichwa," Odessa alisema. "Mfukuze upone."

Lavinia akacheka, na Odessa akacheka, wakaingia kwenye habari za mchungaji na nguo za mkewe. Kisha Odessa akamwambia ampishe, ana kitabu mbele yake na mtihani ni Alhamisi.

Alhamisi akafanya mtihani. Swali mojawapo lilikuwa hivi: mkazi analalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu akiwa nyumbani, anapotoka nje anapata nafuu, mkaguzi ashuku nini kwanza? Odessa alijibu bila kuinua kalamu. Gesi ya sumu kutoka kwenye chombo kinachochoma mafuta au gesi. Watu watolewe nje mara moja. Akapata alama zote za swali hilo. Akageuza ukurasa akaendelea na swali la panya.

Mimi ningeweza kukaa hapa kutwa nzima nikimtetea. Ningesema kwamba la kitabuni hukaa upande mmoja wa kichwa na la ndugu upande mwingine. Ningesema mtu akishaitangaza nyumba kuwa salama, tena kwa kinywa chake mwenyewe, hawezi kuishuku tena. Lakini utetezi wote huo haujawahi kumwinua mtu kaburini.

Jumatano iliyofuata theluji ilianguka tangu alfajiri. Kendra alikuwa shuleni, Clifton kiwandani. Lavinia alibaki akifua mablanketi ya nyumba nzima, na mashine ya kukaushia ikazunguka tangu asubuhi, blanketi moja baada ya jingine, milango yote imefungwa kwa baridi, tangi likiwaka kila alipotaka maji ya moto. Clifton aliporudi alasiri alimkuta amejilaza kwenye kochi, blanketi lingine miguuni, mashavu yamepata rangi nzuri. Akadhani amelala. Alikwenda jikoni akajimiminia kahawa, akarudi akakaa karibu naye, akaanza kumsimulia habari za msimamizi wao wa kazi. Kilichomshtua ni kwamba hakumkatiza.

Wazima moto walimtoa Clifton nje naye akiwa anayumba. Ofisa wao alikuwa mtu mpole, na alieleza taratibu kama anayezungumza na watoto.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa mbovu?" Clifton aliuliza.

"Mashine ni nzima, bwana."

"Tangi?"

"Tangi pia zima. Mashine ilikuwa inavuta hewa, na nyumba imezibwa sana. Ikawa inaivuta hewa kutoka dohani, moshi wa tangi ukarudi ndani. Kila kimoja peke yake hakina kosa." Akamgeukia Odessa, aliyekuwa amefika na koti juu ya nguo za nyumbani. "Kuna mtu alipima tangi baada ya mashine kufungwa humo?"

Odessa akageuka akatazama uani, pale bomba la mashine lilipotokea. 

Baada ya mazishi alikwenda kwa Bi Novak. Alimkuta darasani peke yake akifuta ubao.

"Naomba mninyime cheti," alisema.

Bi Novak akaweka kifutio chini. "Odessa, kaa."

"Sikai. Ninyimeni."

"Siwezi. Nimeipitia ripoti yako mara tatu tangu niliposikia. Uliikagua nyumba Novemba, na Novemba ile nyumba ilikuwa salama. Hakuna kosa ndani yake."

"Nilileta mashine mimi! Sikupima! Akanipigia simu akanitajia dalili zote, moja baada ya nyingine, kama ninavyokutajia wewe hapa. Nikamtania."

"Hayo hayamo kwenye ukaguzi."

"Hayamo? Basi yamo wapi?"

Bi Novak, ambaye amewafundisha mamia ya watu, akasogea karibu naye. Alijaribu kumshika mkono, Odessa akaurudisha. Alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumhukumu, awe na pa kuanzia, na mlango huo nao ukafungwa kwa upole. Cheti kikaletwa kwa posta mwezi uleule. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri.

Mwezi Machi Clifton akampigia. Walikuwa hawajasemezana sana tangu mazishi, si kwa ugomvi, ila kila mmoja alikuwa akimwogopa mwenzake.

"Shem, tumehamia nyumba nyingine ya kupanga. Njoo uikague."

"Clifton, tafuta mtu mwingine. Nakuomba."

"Sitaki mtu mwingine. Mtu mwingine simjui."

Akaenda. Ilikuwa nyumba ndogo ya kuta za matofali, vyumba vitatu, safi. Clifton alimfungulia akiwa amevaa koti, na alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Odessa alipoingia alitazama ukutani akaanza kuhesabu. Kulikuwa na kengele ya gesi ukumbini, nyingine jikoni, moja kila chumba, mbili kwenye korido zinatazamana, hata chooni ilikuwepo. Zote zilikuwa mpya, zikiwaka vitaa vya kijani.

"Unalala?" alimuuliza.

"Nakaa kwenye kiti pale mlangoni kwa Kendra. Nikisikia anapumua, nakaa. Nikiacha kusikia, namwamsha. Mtoto mwenyewe amechoka. Mwalimu wake anasema anasinzia darasani." Akapangusa uso. "Kagua, shem. Kagua kila kitu."

Alikagua kila kitu, na safari hii hakuvua viatu wala hakuna aliyemwambia avue. Alipapasa kuta, akamulika tochi kwenye dari, akafungua kila kabati. Jiko lilikuwa la umeme. Maji yalichemshwa kwa umeme. Joto la nyumba lilikuwa la umeme, dohani haikuwepo, bomba la gesi halikupita hata uani. Alirudia mara mbili, kisha ya tatu, akitafuta kitu cha kukataa. Hakukipata.

"Humu hamna moto wowote, Clifton. Hakuna kinachowaka. Gesi ile haina pa kutokea hata ikitaka."

"Kwa hiyo ni salama."

Odessa akatazama chini.

"Lazima nikwambie kitu kwanza," alisema. "Lavinia alinipigia simu, Jumatatu ile. Akaniambia kichwa kinamuuma akiwa ndani, akitoka kinamwacha. Nilikuwa nimejifunza hilo, Clifton, lilikuwa kwenye kitabu kilichokuwa mapajani mwangu. Na mimi nikamwambia—"

"Amfukuze Clifton apone," Clifton alisema. "Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, shem. Aliweka simu kwa sauti kubwa. Nilicheka kuliko ninyi wawili."

Hawakulia. Kulia walikuwa wamemaliza, au labda walikuwa hawajaanza, sijui. Clifton alivuta pumzi.

"Na kengele ilikuwa kwenye droo. Mimi ndiye niliyeing'oa. Kwa hiyo usije hapa kuniambia ni kosa lako, maana utanipokonya la kwangu, na mimi sina kingine kilichobaki. Niambie tu kuhusu hii nyumba. Wewe ndiye mwenye cheti. Sema neno moja nikalale, mtoto alale."

"Ni salama," Odessa alisema.

Alisema kweli, na pengine hakuna nyumba salama kuliko ile katika Erie yote. Lakini alijisikia akisema, na ilikuwa ni sauti ileile, ya mtu anayejua kazi yake, aliyomwambia nayo Lavinia kule chini mdogo wake akapiga makofi. Clifton naye aliisikia. Akamtazama usoni muda mrefu, na Odessa akaona jinsi alivyokuwa akijitahidi kumwamini, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayesukuma gari lililozama theluji.

"Asante, shem," alisema mwishowe.

Kisha akaenda dirisha la ukumbini akalifungua. Upepo wa ziwani ukaingia na vumbi la theluji. Akafungua la pili. Akaingia chumba cha Kendra, ambaye alikuwa kitandani amevaa koti na kofia, wala hakuuliza kitu, alijivutia tu blanketi kama aliyezoea, baba yake akafungua na lile.

Odessa alikuwa amefundishwa, na angeweza kuwafundisha wengine, kwamba nyumba iwe kavu na iwe na joto, na kwamba baridi nayo ni hatari inayoandikwa kwenye ripoti. Alitaka kumwambia. Alimtazama mgongo wake alipokuwa akihangaika na dirisha la jikoni, lililokuwa limeganda kwenye fremu, akaweka mkoba wake sakafuni. Akaenda akasimama karibu naye, wakalisukuma wote wawili mpaka likafunguka.